Waliotukopesha Bila Riba Watangulie

Pesa ikiongezeka, madeni hayalipwi kwa haki. Hulipwa kwa nguvu. Anayelipwa kwanza ni yule mwenye mkono wa kuifikia pesa kabla yako: Sacco inayokatwa kwenye mshahara, benki iliyopewa idhini ya kutoa chake kila tarehe fulani, mkopo wa simu unaojichukulia haki yake senti ikiingia tu. Wa mwisho ni yule aliyekupa kutoka mfukoni mwake, akakuandika daftarini au hakukuandika kabisa, na ambaye njia yake ya kudai ni moja: aje mlangoni kwako apige hodi. Na kwa kuwa ana haya, haji.

Tangu mshahara wangu ulipopanda nimelifikiria jambo hili sana. Ushauri mwingi wa pesa tunaousikia redioni unasema yapange madeni kwa riba, anza na lenye riba kubwa, lisilo na riba lisubiri. Kwa hesabu tupu ni sawa. Mimi naona mpango huo unawadhulumu watu walewale waliotubeba, na nimeona afadhali nilieleze hilo kwa kirefu kuliko kulisema nusunusu barazani.

Kwanza madeni yenyewe. Mume wangu alikuwa kwenye kampuni ya malori huko Miritini, hapa Mombasa. Agosti 2019 ikatoka amri kwamba mizigo inayoteremshwa bandari ya Kilindini kwenda Nairobi na bara yote ipande reli ya SGR, ikalipiwe ushuru Embakasi, kule Nairobi. Waliokuwa hapa wanayakumbuka maandamano ya kila Jumatatu. Haikuwa hasira ya wenye malori peke yao. Dereva akikosa safari, utingo wake hana kazi, kanika wa Changamwe hana gari la kufungua, na mama muuza chai kando ya barabara anarudi nyumbani na chupa zake zimejaa. Amri ilisitishwa Oktoba mwaka uleule, lakini malori mengi yalikuwa yameshaegeshwa, na kazi haikurudi kama ilivyokuwa. Mimi wakati huo nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Machi 2020 wageni wakaondoka na milango ikafungwa. Aprili kaunti nzima ya Mombasa ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Mei ikafuata zamu ya Mji wa Kale kufungwa peke yake. Nyumba iliyokuwa na mishahara miwili ikabaki bila hata mmoja.

Hapo ndipo nilipojua nani ni nani. Mwenye duka wa mtaani kwetu Kisauni, mzee ambaye sote tunamwita Ami, hakuniuliza ningelipa lini. Aliandika unga, sukari, mafuta ya kupikia na sabuni, akafunua ukurasa mwingine akaendelea kuandika. Mwenye nyumba alikuja mwenyewe akasema kodi ya miezi ile mitatu tutazungumza baadaye, shilingi 7,000 kwa kila mwezi. Shangazi yangu wa Likoni, mjane anayeuza mahamri na mbaazi alfajiri, alitoa pesa alizokuwa amezitenga kwa paa la nyumba yake. Na mwenzangu mmoja wa hoteli, kabla hajapanda basi la kurudi kwao bara, alinitumia 6,000 kwenye simu akasema tutalipana mambo yakikaa sawa. Hakuna aliyetaka dhamana wala hati, na riba haikutajwa.

Kazi ilirudi polepole. Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kuwa shughuli za kutoa mizigo zinarudishwa Mombasa, na mji huu ulipumua. Baadaye nilipata kazi kwa wakala mmoja wa forodha, kushughulikia karatasi za mizigo. Nilianza na mshahara mdogo, na kila mwezi nilipunguza kidogo huku na huku. Kisha mkuu wa kitengo chetu akastaafu, nikapewa nafasi yake. Mshahara ukatoka 38,000 hadi 62,000.

Nyongeza ya 24,000, basi. Hebu tuitazame, maana watu wengi hupanga mambo juu ya tarakimu ya kwenye barua, na tarakimu hiyo haifiki nyumbani. Inakatwa asilimia 6 ya NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba. Kinachosalia, kwa mtu wa mshahara kama wangu, kinatozwa kodi ya asilimia 30, kwa sababu ngazi za chini za asilimia 10 na 25 nilishazimaliza na mshahara wa zamani. Ukijumlisha yote, katika kila shilingi 1,000 iliyoongezwa, 628 hivi ndizo zinazofika mkononi. Kwangu mimi 24,000 ilifika ikiwa 15,000 na kidogo. Ni riziki kubwa, Alhamdulillahi, lakini si 24,000. Aliyemwahidi mwenye nyumba kwa tarakimu ya kwenye barua atamvunjia ahadi mwezi wa kwanza tu, bila hata ya kutumia vibaya.

Kuna jambo la pili la kuangaliwa kabla ya kulipa mtu yeyote. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema makato yote kwenye mshahara yasizidi theluthi mbili, yaani theluthi moja lazima imfikie mfanyakazi. Ni kinga nzuri. Lakini mshahara ukipanda, theluthi mbili nayo inapanda, na waliokuwa wamekwambia huna nafasi ya mkopo mwingine wanakuona sasa unayo. Sijapokea bado hata mshahara mpya wa pili nikapigiwa simu na kijana mwenye sauti ya upole sana, ananiambia ninastahili kuongezewa mkopo, nisaini tu, pesa ziingie leo. Alizungumza kama mtu anayenipongeza. Nikamwambia nina madeni ninayolipa. Akajibu kwamba mkopo huo ungenisaidia kuyalipa. Na hakukosea kabisa: kukopa kwa asilimia 1 kwa mwezi ili kufuta mkopo wa asilimia 7.5 kuna mantiki yake, na kuna waliookoka kwa njia hiyo. Shida ni kwamba pesa za mkopo mpya huja nyingi kuliko deni linalokusudiwa, na zile zinazozidi hupata shughuli siku hiyohiyo. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sikuitaka harusi nyingine wakati matanga ya kwanza hayajaanuliwa.

Sasa orodha. Tuliiandika usiku, mimi na mume wangu, watoto wamelala. Kwa Ami 18,400. Kwa mwenye nyumba 21,000. Kwa shangazi 40,000, baki ya pesa nyingi zaidi tulizokuwa tumezipunguza. Kwa yule mwenzangu wa hoteli 6,000. Mikopo miwili ya simu, jumla 14,000. Na Sacco, ambako salio lilikuwa 120,000, lakini huko makato yalikuwa yakienda yenyewe.

Mume wangu ni mtu wa hesabu. Alichukua kalamu akasema, pesa zote 15,000 za mwezi wa kwanza ziende kwenye simu. Tukifuta huko, hakuna deni linalokua, halafu tuwageukie watu. Nikamwuliza tukigawa, 10,000 kwa watu na 5,000 kwa simu, hasara ni kiasi gani? Akapiga: kwa ada ya asilimia 7.5 ya salio kila mwezi, tungelipa elfu moja na kitu zaidi mpaka deni la simu liishe. Elfu moja na kitu. Tukatazamana. Nikasema, hizo nakubali kuzilipa.

Nilikuwa na sababu tatu, na bado naamini zote.

Ya kwanza ni ya dini, na sioni haya kuianza. Qur'ani, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 280, inasema mdaiwa akiwa kwenye dhiki apewe muda mpaka apate wasaa. Kwa miaka ile yote nililala ndani ya aya hii. Waliotudai walitupa muda kwa sababu dhiki yetu ilionekana. Lakini muda ule ulikuwa na mwisho wake, na mwisho wake ni wasaa. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim kwamba mwenye uwezo kuchelewesha deni ni dhulma. Maana yake ni kwamba siku nilipopokea mshahara mpya, deni langu kwa shangazi lilibadilika ingawa tarakimu ilibaki 40,000. Jana yake nilikuwa mwenye kuhurumiwa. Siku ile, kila juma nililokaa na pesa zake bila sababu lilikuwa haki yake inayoliwa. Kampuni ya simu nayo ina haki ya kulipwa, deni ni deni. Lakini ilishaweka bei ya kuchelewa kwangu tangu mwanzo, na bei hiyo nailipa kila mwezi. Shangazi hakuweka bei. Kuchelewa kwangu kote anakulipia yeye.

Na hiyo inaingia kwenye sababu ya pili, ambayo wale wa "lisilo na riba lisubiri" huiruka. Deni lisilo na riba halikui, ni kweli, bali linasinyaa, na linasinyaa mikononi mwa aliyekopesha. Shilingi 40,000 aliyonipa shangazi mwaka 2020 si 40,000 ya leo. Mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200. Mabati, misumari na mbao navyo havikukaa pale vilipokuwa. Paa ambalo pesa zile zingelimaliza wakati ule, leo haziwezi kulimaliza. Benki ikikaa bila pesa zake inajilipa kwa riba. Mjane wa Likoni akikaa bila zake, mvua ya masika inamwingilia ndani. Kwa hiyo anayesema deni la shangazi ni la bure, amemtwisha shangazi gharama halafu akafumba macho asiione.

Sababu ya tatu ni ya kidunia tupu. Hoteli ilipofungwa hakuna mkopeshaji wa simu aliyekuja kuuliza tumekula nini. Daftari la Ami ndiyo bima ya mtaa wetu, na bima hiyo inafanya kazi kwa sababu tu waliopata wanarudisha. Duka lake si kubwa. Huenda Kongowea na Marikiti kununua kwa taslimu, anatuuzia kwa kuandika. Kila ukurasa usiolipwa ni gunia ambalo hakulinunua, na familia moja mpya ambayo hawezi kuiandika. Karibu na Ramadhani ndipo linaonekana: maduka yaliyojaa tende, tambi, mchele na sukari ni ya wale ambao wadeni wao walilipa Rajabu na Shaabani.

Nilimwendea Ami baada ya Alasiri, dukani hapakuwa na watu.

"Ami, nimekuja tufunge ule ukurasa."

"Ukurasa upi, mwanangu?"

"Wa korona."

Alivaa miwani, akatoa daftari la zamani lililofungwa kwa mpira, akanifunulia. "Soma mwenyewe, macho yangu hayaoni vizuri." Nilisoma. Palikuwa na vitu nilivyovisahau: mshumaa, dawa ya mbu, maziwa ya mtoto. Hakuna kitu alichoongeza, na viwili nilivyovikumbuka mimi hakuviandika. Nikamwambia. Akasema hivyo hakuviandika kwa makusudi. Nilimlipa kwa awamu mbili, na awamu ya pili nilipoimaliza akachora mstari kutoka pembe hadi pembe, akaandika tarehe. Nawashauri wanaolipa madeni ya daftari wasubiri mstari huo uchorwe mbele yao. Si kwa kutoaminiana. Mwenye duka anaweza kufariki, mtoto wake akarithi daftari asijue kilicholipwa na kisicholipwa, na maneno yakaanza bila mtu kuwa na kosa.

Mwenye nyumba alikuwa mwepesi: nilimwongezea 3,500 juu ya kodi kila mwezi mpaka ikaisha, akinitumia ujumbe mfupi wa kupokea.

Shangazi ndiye alikuwa mgumu. Nilivuka feri siku ya Jumapili, nikamkuta anachambua mbaazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Watoto hawajambo?"

Tulizungumza yote mpaka nikatoa bahasha. Akairudisha. Akasema zile alishazisahau, nijengee watoto wangu. Huu ndio mtego wa madeni ya nyumbani, na watu wengi huishia hapo, wanarudi kwao wamefarijika. Mimi nilimwambia, shangazi, kusamehe ni haki yako, lakini uzishike kwanza, uzihesabu, halafu ukitaka kunipa unipe kwa mkono wako. Alinyamaza. Akazihesabu. Hakunirudishia, na wala sikutaka anirudishie. Miezi iliyofuata alikuwa yeye ndiye anayenieleza bei ya mabati. Mtu anayekwambia "nimesahau" mara nyingi anakuondolea aibu, hakuondolei deni, na mwenye adabu lazima ajue tofauti hiyo bila kuambiwa.

Je, nimwongezee kwa ajili ya thamani iliyopungua? Tuliliuliza hili kwa mwalimu wa madrasa ya watoto wetu. Alisema nyongeza iliyoshartiwa wakati wa kukopa ni riba. Anayelipa akizidisha kwa hiari yake, bila ya sharti wala mazoea ya kutazamiwa, huo ni wema, na Mtume mwenyewe aliwahi kumlipa mtu ngamia bora kuliko aliyemkopa. Basi awamu ya mwisho nilinunua jozi mbili za leso mtaa wa Biashara na nikalipia fundi wa paa siku zake za kazi. Sikuyaita deni. Nilisema ni zawadi, na ndivyo ilivyokuwa.

Mikopo ya simu sina mengi ya kuyasema ambayo Wakenya hawayajui. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30 ilionekana ndogo, kwa sababu watu waliisoma kama riba ya mwaka. Shilingi 100,000 kwenye Sacco inayotoza asilimia 1 ya salio kwa mwezi ina riba ya 1,000 mwezi wa kwanza. Pesa hizohizo kwa ada ya asilimia 7.5 ni 7,500. Fuliza, iliyoanza Januari 2019, inafanya kazi kwa namna nyingine: inamalizia muamala pesa zako zisipotosha, kisha pesa yoyote inayoingia kwenye akaunti hukatwa deni hilo kwanza. Anayetegemea kupokea pesa kwenye simu ili akamlipe mtu mwingine aliweke hilo akilini. Mimi pesa za watu nilizilipa kutoka benki, au nilizitoa taslimu na kuzipeleka kwa mkono, ili zisipite kwenye mlango wenye mtoza ushuru. Na kwa wale ambao bado wanatishwa na programu za mikopo, kwamba mama mkwe atapigiwa simu, wajue Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni Machi 2022 zinazowalazimu watoa mikopo ya kidijitali kuwa na leseni, na zinazowakataza kuwapigia watu walio kwenye simu ya mdaiwa ili kumwaibisha. Deni unalidaiwa wewe. Ukoo wako haudaiwi.

Ukimaliza mkopo wowote wa taasisi, omba barua ya kuthibitisha umemaliza, uitunze. Kisha angalia ripoti yako ya CRB, ofisi inayotunza kumbukumbu za wanaolipa mikopo na wasiolipa. Una haki ya kupata moja bila malipo kila mwaka, na waajiri wengi hapa bandarini hutaka cheti cha CRB kabla ya kukuajiri. Taarifa mbaya hukaa miaka mitano hata baada ya kulipa, kwa hiyo haraka ya kulipa ina faida, lakini haifuti kwa siku moja. Na aliye na mkopo wa benki wa zamani ulioshindikana, asome kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika 2007: mkopo ukishaanguka, riba inayodaiwa haiwezi kuzidi kiasi cha msingi kilichobaki siku ulipoanguka. Nimewaona watu wakikimbia madeni ambayo kwa sheria yalishakoma kukua.

Kuhusu Sacco, niliamua kuiacha iendelee kukatwa kwa kiwango kilekile. Wengine wangeongeza. Mimi niliona wadhamini wangu wawili wako salama maadamu makato hayakosi, na pesa za ziada zina mahali pengine pa haki zaidi. Sasa watu wamelipwa, naongeza huko, na nimeomba kwa maandishi kwamba nyongeza hiyo ipunguze msingi wa mkopo na kufupisha muda. Usipoandika, baadhi ya ofisi huichukulia kama malipo ya mapema ya mwezi ujao, na salio linakaa palepale.

Kulikuwa na jambo zito kuliko hesabu zote hizi, nalo ni ndugu. Habari za mshahara hazifichiki Mombasa. Alikuja mpwa na ada ya chuo, akaja jirani na kadi ya mchango wa harusi, ukaja ukoo mzima na mipango ya Idi. Nilikuwa na kauli moja kwa wote: nina madeni ya watu, nikimaliza tutazungumza. Sikuona sababu ya kuificha kauli hiyo. Wako waliokunja uso. Lakini kumchangia mtu harusi kwa pesa za paa la shangazi si ukarimu, ni kugawa mali ya mwenyewe bila ya idhini yake, na sikutaka kusifiwa ukumbini kwa hilo. Isipokuwa matibabu na mazishi, hayo nilitoa, kwa sababu hayana kesho.

Mazishi yenyewe ndiyo yaliyonisukuma zaidi. Kila anayehudhuria jeneza huku anajua pale kabla ya sala jamaa wa marehemu anaposimama na kutangaza kwamba mwenye kumdai maiti awaone wao. Katika mirathi ya Kiislamu deni hutolewa kabla ya wasia na kabla ya fungu la mrithi yeyote. Nimesimama kwenye safu nikiwaza, ingekuwa mimi, mume wangu angetangaza, lakini Ami angenyanyuka? Shangazi angenyanyuka? Wasingenyanyuka. Ndiyo maana orodha ile tuliyoiandika usiku tuliitia sahihi sote wawili, na dada yangu ana nakala. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Al-Baqara, inahusu kuandika madeni. Wenye kuona kuandikiana ni kutoaminiana waisome tena.

Limebaki moja. Mwenzangu wa hoteli, zile 6,000. Namba yake ya zamani haipatikani. Nimewauliza wapishi na wahudumu tuliokuwa nao, mmoja akasema yuko Kitale, mwingine akasema alikwenda Ughaibuni. Mwalimu alituambia nisizitoe sadaka kwa niaba yake mpaka nimekata tamaa kabisa ya kumpata yeye au warithi wake, na hata nikishatoa, akitokea akazitaka nitamlipa. Sijakata tamaa. Nimeziweka kwenye akaunti ya peke yake, na jina lake nimeliandika kwenye orodha pamoja na namba ya mtu wa Kitale ambaye atafika Mombasa mwezi ujao kuchukua gari bandarini. Karatasi za gari hilo zinapita ofisini kwetu.